Nimefeli CWNA kwa maswali saba: nisome vipi safari hii?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni fundi wa mitandao Arusha, mwaka wa nne sasa nafunga Wi-Fi kwenye loji na maofisi. Mwezi uliopita nilifanya mtihani wa CWNA, cheti cha mafundi wa Wi-Fi, nikapata asilimia 58. Kitabu nilikisoma chote mara mbili na majedwali ya viwango nimeyakariri. Rafiki amenitumia faili la maswali mia tatu, anasema ndiyo yanayotoka. Nilitumie? Na je, ninunue vifaa vya bei kubwa vya kufanyia mazoezi? Nina miezi mitatu na kazini natoka jioni.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa matokeo. Tuanze na hesabu. CWNA ina maswali 60, unapewa dakika 90, na wa kupita anatakiwa apate asilimia 70, yaani maswali 42. Asilimia 58 ni maswali 35. Umepungukiwa maswali saba. Mtu wa maswali saba hana haja ya kusoma kitabu mara ya tatu kuanzia jalada hadi jalada. Anatakiwa ajue yale saba yalimponyoka wapi, na kwa jinsi ulivyojieleza nadhani napajua.

Wewe ni fundi wa kufunga. Unajua ubonyeze wapi ili mtandao uwake. Lakini CWNP, wenye mtihani huu, hawauzi AP (kifaa kinachorusha Wi-Fi) wala ruta, kwa hiyo hawakuulizi kitufe cha kampuni yoyote. Wanakuuliza kinachotokea hewani baada ya wewe kubonyeza. Ukikariri jedwali bila kuiona hewa yenyewe, utalijibu swali likija kama lilivyo kwenye jedwali. Wakiligeuza kidogo tu, unabaki na majibu mawili yote yanafanana. Naamini hapo ndipo ulipokwama, kwa sababu wanafunzi wangu wengi waliokuja na asilimia hamsini na kitu walikwama hapo hapo.

Lile faili lifute leo. Maswali ya namna hiyo mara nyingi ni ya toleo lililopita (CWNA-108 ilishapisha CWNA-109, na matoleo hubadilika tena), na majibu yake yameandikwa na mtu ambaye hukumwona akifaulu. Nimewahi kuletewa faili kama hilo na kijana aliyekuwa amelishika lote kichwani, tukakaa tukalipitia, na makosa tuliyoyakuta kwenye hesabu za nguvu peke yake yalitosha kumfelisha. Tena kabla ya mtihani unakubali masharti kwamba hutatumia wala kutoa maswali yaliyovuja. Ukibainika, cheti kinaweza kufutwa. Halafu kuna mwenye loji atakayekuita baada ya kuona cheti chako. Yeye anastahili fundi anayejua.

Sasa twende kwenye kazi, tuanze na desibeli (dB), kipimo cha badiliko la nguvu ya mawimbi. Mafundi wengi huiruka sura hii kwa sababu ya logi, na logi tuliiacha darasani. Huihitaji. Shika mambo manne: ukiongeza 3 dB nguvu inakuwa mara mbili, ukipunguza 3 dB inabaki nusu, ukiongeza 10 dB inakuwa mara kumi, ukipunguza 10 dB inabaki sehemu ya kumi. Pa kuanzia ni 0 dBm, ambayo ni miliwati 1. Kwa hiyo 10 dBm ni miliwati 10, 20 dBm ni 100, na 17 dBm ni 50, kwa sababu umepanda kumi mara mbili ukashuka tatu mara moja.

Chukua kazi ambayo naamini umeshaifanya: AP ya mapokezi inayotakiwa kufika kwenye mahema. Mtambo unatoa miliwati 100, yaani 20 dBm. Kebo na viunganishi vinakula 3 dB. Antena inaongeza 14 dBi. Je, kinachotoka kwenye antena ni kiasi gani?

20 − 3 + 14 = 31 dBm

Kwa wati ni ngapi? Hapa ndipo watu huganda, kwa kuwa 31 haitokei moja kwa moja ukipanda kumi-kumi. Panda kumi mara nne ufike 40 dBm, yaani wati 10. Kisha shuka tatu mara tatu: wati 5, wati 2.5, wati 1.25. Imekwisha. Fanya hesabu za namna hii kumi kila jioni kwa wiki mbili, kwa kalamu na karatasi, hadi mkono uwe unaandika kabla hujafikiri. Na ushike tofauti hii vizuri: dBm ni kiasi cha nguvu, dB ni badiliko, na dBi ni ongezeko la antena likilinganishwa na antena ya kinadharia inayotupa mawimbi sawasawa pande zote. Badiliko unaliongeza juu ya kiasi. Kiasi kwa kiasi, yaani dBm juu ya dBm, hakijumlishwi hivyo, na mtihani unapenda kuweka mtego hapo.

Tuiendeleze kazi hiyo hiyo. Kwenye masafa ya 2.4 GHz mita ya kwanza peke yake inakula kama 40 dB. Baada ya hapo, kila umbali unapokuwa mara mbili unapoteza 6 dB, na unapokuwa mara kumi unapoteza 20 dB. Kwa hiyo hema lililo mita 100, njia ikiwa wazi, limetenganishwa na antena yako kwa 80 dB. Simu ya mgeni inaisikia AP kwa 31 − 80, yaani −49 dBm. Safi kabisa. Lakini simu nayo inatakiwa kujibu! Tuseme inatoa 15 dBm, yaani miliwati 32 (tatu mara tano: 2, 4, 8, 16, 32). Inapoteza 80 njiani, antena yako inaipokea na kuiongezea 14, kebo inakula 3. AP inaisikia simu kwa −54. Umeona? Antena kubwa imewasaidia wote wawili, anayesema na anayejibu.

Linganisha na ile tabia yetu ya kupandisha nguvu ya AP hadi mwisho. Hiyo inakuza sauti ya AP tu, ya simu inabaki ile ile. Mgeni anaona vijiti vyote vimejaa na ukurasa haufunguki. Swali la namna hii huja likiwa limevaa nguo ya malalamiko ya mteja, na ukiwa na hesabu hii kichwani, jibu unaliona kabla hujafika kwenye chaguo la tatu.

Chaneli nazo tunazichukulia kijuujuu. Unajua kwamba kwenye 2.4 GHz tunatumia 1, 6 na 11. Unajua kwa nini? Katikati ya chaneli 1 ni 2412 MHz, ya 6 ni 2437, ya 11 ni 2462. Zimeachana MHz 25, wakati chaneli yenyewe ina upana wa MHz 20 au 22 kutegemea kiwango. Chaneli jirani zimeachana MHz 5 tu, kwa hiyo ya 1 na ya 3 zinapandiana vibaya. Fundi akikuta 1, 6 na 11 zimejaa, hukimbilia 3 akidhani ameokoka. Amejiharibia. AP mbili zilizo chaneli moja zinasikiana na zinapeana zamu: polepole, lakini kwa adabu. Aliye chaneli 3 hamwelewi wa chaneli 1, anamsikia kama kelele, hampi zamu, wanaharibiana fremu, yaani vifurushi vya data vinavyorushwa hewani. Yule wa kwanza anakupunguzia muda wa hewani, huyu wa pili anakuharibia data. Tofauti hiyo ndiyo inayoulizwa.

Neno hili, muda wa hewani, ndilo ningetaka ulale nalo na uamke nalo. Niliwahi kuitwa hoteli moja ya ufukweni, Wi-Fi inakwama hata wageni wakiwa wachache. Nikakuta AP tatu zinazosikiana, zote chaneli 6, kila moja inatangaza majina sita ya mtandao: wageni, wafanyakazi, mkahawa, kamera, uongozi, na jina moja la majaribio lililosahaulika. Kila jina linatuma bikoni yake, yaani tangazo la 'nipo hapa', kila milisekunde 102.4, takriban mara kumi kwa sekunde. Majina 18 ni kama bikoni 176 kila sekunde. Bikoni hutumwa kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, na pale ilikuwa Mbps 1. Bikoni ya baiti 250 ni biti 2000, yaani mikrosekunde 2000, ongeza mikrosekunde 192 za utangulizi wake. Zidisha kwa 176. Unapata kama milisekunde 385. Zaidi ya theluthi ya kila sekunde inaishia kwenye kutangaza majina, kabla mgeni hajatuma hata ujumbe mmoja wa WhatsApp!

Tulibakiza majina mawili, tukazigawa AP kwenye chaneli 1, 6 na 11, tukaweka kasi ya chini kuwa Mbps 12. Kwenye kila chaneli bikoni zikawa hazili hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Hatukununua kitu chochote. Rudia hesabu hii kwa namba za mtandao mmojawapo uliofunga mwenyewe. Itakufundisha bikoni, kasi za msingi, mwingiliano wa chaneli na usanifu wa mtandao kwa mpigo mmoja.

Kuhusu vifaa: usiingie gharama. Unahitaji AP moja ya zamani, laptopu inayotumia Linux, na adapta ya USB ya Wi-Fi inayokubali monita modi, yaani kusikiliza hewa bila kujiunga na mtandao wowote. Ulizia aina ya chipu kabla hujalipa, maana adapta nyingi za madukani hazikubali, na kadi zinazokuja ndani ya laptopu za Windows mara nyingi zinagoma. Programu ya kukamata na kusoma fremu ni Wireshark, haina malipo. Kwa kuona chaneli na nguvu, programu ya WiFiAnalyzer kwenye simu ya Android inatosha, ila tangu Android 9 programu inaruhusiwa kuchunguza hewa mara nne tu kila dakika mbili, kwa hiyo usishangae namba zikichelewa kubadilika. Na usikilize mtandao wako mwenyewe, si wa jirani wala wa mteja ambaye hajakuruhusu.

Zoezi lenye thamani kuliko yote ni hili. Weka adapta kwenye chaneli ya AP yako, anza kukamata, kisha zima na uwashe Wi-Fi ya simu. Simamisha. Weka kichujio `wlan.fc.type_subtype == 8` uone bikoni peke yake; fungua moja ushuke taratibu hadi sehemu inayoitwa RSN, usome ni usimbaji gani AP inaahidi. Halafu ondoa kichujio uifuate simu yako kwa anwani yake ya MAC, namba inayokitambulisha kifaa hewani. Utaiona inauliza nani yupo, AP inajibu. Inaomba kuthibitishwa, inajibiwa: fremu mbili. Inaomba kujiunga, inajibiwa: mbili nyingine. Kisha zinakuja zile nne za kupeana funguo: AP inatuma namba yake ya nasibu, simu inatuma ya kwake, AP inatuma ufunguo wa matangazo ya wote, simu inathibitisha. Nenosiri lenyewe halikupita hewani hata mara moja. Na baada ya karibu kila fremu iliyotumwa kwa mtu mmoja kuna ACK, jibu la 'nimepokea', kafremu kadogo kenye anwani ya mpokeaji tu.

Ukishaona hivyo, funga laptopu uandike mfuatano wote kwa kumbukumbu. Utakosea. Fungua, angalia, andika tena kesho. Mimi ninayo daftari lenye kurasa kama ishirini za mfuatano huu huu, na hadi leo nikifundisha hulifungua.

Utaratibu wa kupeana zamu nao uusome ukiwa na kumbukumbu ya ulichokamata. Kifaa cha Wi-Fi hakiwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo hakigundui mgongano kama Etheneti ya zamani, kinajitahidi kuuepuka. Kwenye 5 GHz, kwa utaratibu wa msingi, kinangoja hewa itulie mikrosekunde 34, kisha kinachagua namba ya nasibu kati ya 0 na 15 na kuhesabu kurudi nyuma, kila hatua mikrosekunde 9. Kikifika sifuri kinasema. Mpokeaji anangoja mikrosekunde 16 anajibu ACK. ACK isipokuja, kinachukulia kwamba fremu imepotea na kinachagua tena, sasa kati ya 0 na 31, halafu 63, hadi ukomo wa 1023. Ukielewa kwa nini 16 ni ndogo kuliko 34 (ili ACK iwahi kabla mtu mwingine hajadakia), umeelewa nusu ya sura nzima.

Viwango wewe umeshavikariri, sitakuchosha. Hakikisha tu miaka na masafa yanakaa pamoja: 802.11 (kiwango mama cha Wi-Fi) ya 1997 yenye Mbps 1 na 2, a na b za 1999, g ya 2003, n ya 2009 inayofanya kazi 2.4 na 5 GHz, ac ya 2013 ambayo ni ya 5 GHz peke yake, ax ya 2021. Kwenye ax tumia muda kwa OFDMA, mbinu ya kuigawa chaneli kwa watu wengi kwa wakati mmoja, maana hapo jedwali halikusaidii. Jiulize kwa nini chaneli ya MHz 20 iliyogawanywa vipande tisa vidogo inawafaa watu tisa wenye ujumbe mfupi kuliko mtu mmoja anayepakua filamu.

Usalama pia usiuogope. WEP, usimbaji wa kwanza wa Wi-Fi, ilivunjwa 2001, usimbaji wa TKIP ukaja na WPA mwaka 2003 kama kiraka, wa CCMP ukaja na 802.11i (WPA2) mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018 ikiwa na SAE (njia mpya ya kuthibitisha nenosiri) na ulinzi wa lazima wa fremu za usimamizi. Kwenye 6 GHz nenosiri la mtindo wa WPA2 haliruhusiwi kabisa. Kuficha jina la mtandao na kuchuja anwani za MAC si usalama. Umeona mwenyewe kwenye Wireshark kwamba anwani hizo zinapita wazi. Kwa 802.1X, ambapo kila mtumiaji anathibitishwa na seva, jua nani ni nani: kifaa kinachoomba, AP au kontrola inayosimama mlangoni, na seva inayoamua.

Miezi yako mitatu ningeigawa hivi. Wiki tano za kwanza desibeli, antena na chaneli, na hapo usione haya kukaa muda mrefu. Wiki nne zinazofuata, fremu na kupeana zamu, ukiwa na adapta mkononi. Wiki mbili usalama, usanifu na utatuzi wa matatizo, ukiyasoma kupitia kazi unazofanya mchana: kila mteja akilalamika, jiulize mtihani ungeliandikaje lalamiko hilo. Wiki ya mwisho nunua maswali ya mazoezi ya CWNP wenyewe, jipime kwa dakika 90 kamili, na kwa kila swali ulilokosa andika kwa nini yale majibu mengine si sahihi. Pakua pia orodha ya malengo ya mtihani, wanaitoa bure. Weka alama ya kalamu kwenye kila kipengele ambacho huwezi kumweleza mwenzako kwa Kiswahili. Ukishindwa kukieleza kwa Kiswahili, basi umekikariri kwa Kiingereza.

Siku yenyewe, jina kwenye kitambulisho lifanane na ulilojisajilia Pearson VUE, wanaosimamia mtihani. Swali lenye hadithi ndefu lianze kwenye sentensi ya mwisho, ujue unaulizwa nini, ndipo urudi juu. Wengi hupoteza alama kwa kutoliona neno la kukanusha. Una dakika moja na nusu kwa kila swali. Za hesabu, kama umefanya mazoezi niliyokupa, zitakuchukua sekunde thelathini, na muda utakaobaki utaupeleka kwenye hadithi. Ukipita, cheti kinadumu miaka mitatu, na kufaulu mtihani wa ngazi inayofuata, CWSP, CWAP au CWDP, kabla haijaisha kunakihuisha.

Jumamosi hii usisome kitu. Tafuta adapta, ukamate simu yako ikijiunga na AP yako, uhesabu fremu moja moja. Ukikuta za kuthibitishwa ni nne badala ya mbili nilizokuambia, hujakosea kuhesabu: AP yako iko kwenye WPA3, na hizo nne ndizo SAE yenyewe ikifanya kazi mbele ya macho yako.